Kabla ya Kununua Betri ya Gari la Haibridi, Pima Kihisi Joto

Mkaazi mwenye gari la haibridi, kama vile Toyota Aqua au Prius, akiona taa ya tahadhari kwenye dashibodi na kuambiwa kuwa betri kubwa inachemka, huanza kuhesabu pesa. Betri hiyo ni ghali. Lakini huenda betri ni nzima, na kilichoharibika ni kihisi joto, yaani sensa ndogo inayopima joto la betri, au waya wake tu.

Betri huwa na vihisi kadhaa. Joto likipanda, ukinzani wa umeme ndani ya kihisi hupungua. Kompyuta ya gari husoma badiliko hilo na kuamua feni izunguke kwa kasi gani na betri itoe nguvu kiasi gani. Kihisi kikitoa habari za uongo, feni huvuma bila sababu na injini hufanya kazi ambayo betri ingeifanya, hivyo mafuta huisha upesi.

Wakati mzuri wa kupima ni asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha bila kuwashwa. Mwombe fundi aunganishe mashine yake na akuonyeshe nyuzi joto za kila kihisi kabla ya injini kunguruma. Zote zinafaa kukaribiana na joto la hewa ya nje. Vingine vikisoma nyuzi 22 na kimoja 60, hicho ndicho cha kushukiwa. Kikisoma nyuzi 40 chini ya sufuri (na hapa kwetu hakuna baridi ya namna hiyo), mara nyingi waya umekatika au plagi imelegea. Kuirudisha plagi mahali pake si kazi ya kukugharimu betri.

Vihisi vyote vikikubaliana asubuhi, kisha joto likipanda sana gari likiwa safarini, usilaumu kihisi. Angalia tundu la hewa karibu na kiti cha nyuma. Vumbi la barabara na nywele za wanyama huliziba, na wengine hulifunika kwa mizigo.

Nambari za hitilafu pia husaidia: P0A9C hadi P0A9E huelekeza kwenye kihisi cha betri, P0A82 kwenye feni, na P0A7E kwenye betri iliyopata joto kupita kiasi. Fundi anayezifuta bila kupima hajatengeneza chochote.

Usifungue betri mwenyewe. Ya Prius ina zaidi ya volti 200, umeme unaoweza kuua. Nyaya za rangi ya machungwa haziguswi. Fundi anapaswa kuvaa glavu maalum za umeme, kuondoa plagi ya usalama, na kusubiri angalau dakika 10 kabla ya kugusa chochote. Asiye na glavu hizo, mwondolee gari lako.