Magome ya miti, namba za maabara na tezi dume



Hapa Minneapolis na Saint Paul, ukienda kwenye msiba au harusi ya watu wa kwetu, wazee wa rika langu hukaa pembeni wakazungumza mambo mawili: siasa za nyumbani, na kuamka usiku mara nne kwenda kukojoa. Hili la pili husemwa kwa sauti ya chini. Halafu mmoja anatoa kipakiti cha unga wa magome: “Hii ina antioksidanti kushinda vitamini C, imepimwa maabara.” Kwa kuwa mimi ni mkemia, macho yote yanageukia kwangu.

Kupimwa, inawezekana kabisa imepimwa. Swali ni kilichopimwa nini.

Kipimo kinachopendwa sana kinatumia kemikali iitwayo DPPH, nacho kilielezwa mwaka 1958. DPPH ni radikali huru, yaani molekuli yenye elektroni moja isiyo na mwenzake, na ndiyo maana inatafuta pa kunyakua. Ukiiyeyusha kwenye methanoli inakuwa zambarau. Unatia dondoo ya gome, unaweka gizani nusu saa, na kama dondoo inatoa elektroni au haidrojeni, zambarau inapauka kuwa njano. Mashine inasoma rangi kwenye nanomita 517, basi. Ni rahisi, haina gharama, na mwanafunzi anaimaliza mchana mmoja. Ndiyo maana makala za namna hii zimejaa kama mchwa.

Sasa gome kufaulu mtihani huu si ajabu hata kidogo. Gome ni ngozi ya mti. Mti hauwezi kukimbia wadudu wala ukungu, kwa hiyo unajaza tanini na fenoli nyingine kwenye ngozi yake. Ndizo zinazokausha ulimi ukitafuna gome. Karibu gome lolote lenye tanini litapausha DPPH, na chai ya rangi nayo itapausha. Lakini tanini nyingi ni molekuli kubwa ambazo utumbo hauzipitishi kirahisi kwenda kwenye damu, na zikiwa humo tumboni hushika madini ya chuma ya chakula. Mama mwenye upungufu wa damu asiteremshie nazo ugali. Tena maabara hutumia methanoli, wakati bibi zetu walichemsha kwa maji. Kinachotoka si kilekile.

Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na jedwali zima la nguvu za antioksidanti za vyakula, kwa kipimo kiitwacho ORAC. Mwaka 2012 waliliondoa, kwa sababu namba zile hazikuonyesha kinachotokea mwilini, na wauza virutubisho walikuwa wakizitumia kujipatia wateja.

Na kwenye tezi dume hasa, jaribio lilishafanyika. Utafiti uitwao SELECT ulichukua wanaume zaidi ya 35,000, wengine wakapewa vitamini E, antioksidanti inayojulikana sana. Matokeo ya mwaka 2011: waliokunywa vitamini E peke yake walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya waliopewa vidonge vitupu. Zaidi, jamani, si pungufu.

Je, magome yote ni bure? Hapana, na hapa ndipo utamu ulipo. Mti wetu wa milimani, Prunus africana, ambao Wakikuyu huuita muiri, unaota Mlima Kenya, Kakamega, Kilimanjaro. Kwenye chupa za madukani utaona jina lake la zamani, pygeum. Majaribio 18 ya dondoo yake, yenye wanaume 1,562, yalikusanywa na kuchambuliwa hapa hapa Minneapolis, kwenye hospitali ya maveterani karibu na uwanja wa ndege. Areef Ishani, Timothy Wilt na wenzao walichapisha mwaka 2000: kuamka usiku kulipungua kwa asilimia 19, na kasi ya mkojo iliongezeka kwa asilimia 23. Si haba.

Lakini tazameni vizuri. Hilo halikutoka kwenye DPPH. Walihesabiwa watu na safari zao za chooni. Dondoo iliyotumika hutolewa kwa viyeyushi vya mafuta, ina steroli ambazo maji ya moto hayazitoi vizuri, kwa hiyo kikombe cha gome lililochemshwa si kidonge kile. Na jaribio refu kuliko yote lilichukua siku 122 tu.

Kinachonitia hofu ni hiki: muiri ukikupunguzia safari za chooni, tezi iliyovimba tu na tezi yenye saratani zote zitaonekana zimetulia. Wanaume weusi hapa Marekani hufa kwa saratani hii karibu mara mbili ya wazungu. Mzee mmoja aliniambia hana haja ya kipimo cha PSA, kwani siku hizi analala mpaka alfajiri. Nikamwambia kaka, kulala umelala, lakini damu yako hakuna aliyeiangalia. Unga wako kunywa ukitaka, ila twende na kipakiti chako kwa daktari akione. Tumepanga Alhamisi, mimi ndiye dereva.

Wasalaam.