Cheza na Watoto Wako, Hayo Ndiyo Mazoezi



Kambini hakuna aliyetuambia tufanye mazoezi. Mimi nilikulia Nyarugusu, na sikumbuki mtu mzima aliyeamka alfajiri kukimbia tu. Mama zetu walibeba maji kichwani, walifuata kuni porini, walilima. Sisi watoto tulicheza rede na mpira wa makaratasi mpaka giza liingie.

Hapa Texas maji yako jikoni na dukani tunaenda kwa gari. Mtoto analetwa na basi la shule, kisha anakaa na simu. Wewe unasimama mahali pamoja kazini kwa saa nane au kumi, unarudi miguu inauma, unaketi. Lakini sahani ya ugali bado ni ile ya mtu aliyetoka shambani. Baada ya miaka michache, wengi wetu tunasikia kwa daktari habari ya presha au sukari.

Mimi pia yalinipata. Mwaka wangu wa kwanza Fort Worth nilifanya kazi ya usiku ghalani. Mchana nililala, mke wangu akirudi kazini, mimi natoka. Daktari aliniambia presha imepanda, nikaitikia tu. Kilichonishtua ni mwanangu wa miaka minne aliyeniuliza, “Baba, kazi yako ni kulala?” Nilikuwa na deni kwa mwili wangu na deni kwa mtoto, na muda wa kuyalipa ulikuwa ule ule mmoja.

Kiasi gani kinatosha?

Wataalamu wa afya wa Marekani wanashauri mtoto wa miaka 6 hadi 17 achangamshe mwili dakika 60 kila siku. Mtu mzima anahitaji dakika 150 kwa wiki, kwa mfano dakika 30 za kutembea haraka siku tano. Si lazima ziwe mfululizo. Dakika 10 asubuhi na 20 jioni zinahesabika.

Utazipata wapi?

Ukifanya kazi ya usiku, msindikize mtoto kwa miguu hadi kituo cha basi la shule, kisha zunguka mtaa mara mbili kabla ya kulala. Ukifanya kazi ya mchana, tembeeni wote baada ya chakula cha jioni, na simu zibaki mezani. Wafundishe watoto rede na kombolela. Watacheka ukikosa shabaha, na watakuuliza ulijifunzia wapi. Hapo utapata nafasi ya kuwasimulia ulikotoka.

Akina mama wengine wananiambia, “Mama mzima kuruka kamba, watu watasema nini?” Basi fungeni mlango, wekeni nyimbo za kwaya, mcheze sebuleni. Mkiishi ghorofani, fanyeni mapema jioni, maana jirani wa chini anasikia kila mruko. Na kutembea na kitenge chako hakuna ubaya, mradi uvae viatu vizuri.

Msicheze kwenye maegesho ya magari. Dereva anayerudi nyuma hamwoni mtoto mdogo. Bustani za jiji ni za wote na kuingia ni bure. Dallas kuna njia inayozunguka ziwa White Rock, kama kilomita 15. Si lazima umalize. Fort Worth kuna Trinity Trails kando ya mto. Houston, tafuteni bustani za SPARK: ni viwanja vya shule ambavyo majirani hutumia baada ya masomo na wikendi, mpango ulioanza mwaka 1983.

Jihadharini na joto na maji

Wakati wa kiangazi joto hapa hupita nyuzi 38. Tokeni asubuhi mapema au jioni. Mwezi wa Juni jua huzama karibu saa mbili na nusu usiku, kwa hiyo muda upo. Bebeni maji. Gusa bembea na mtelezo kwa mkono wako kwanza, kwa sababu chuma na plastiki huunguza. Mtoto akipata kizunguzungu au kutapika, mpelekeni kwenye ubaridi mara moja na mmpoze kwa maji. Akichanganyikiwa au akizimia, pigeni 911.

Kwenye bwawa la apatimenti, mtu mzima mmoja awaangalie watoto bila kushika simu. Mifereji na mito ya jiji si mahali pa kuogelea.

Kama una kisukari, presha au ujauzito, zungumza na daktari kabla ya kuanza, na omba mkalimani. Ni haki yako.

Mwanangu sasa ana miaka tisa na ananishinda mbio. Kama hujui bustani iliyo karibu nawe, muulize mhudumu wako mkikutana. Tutafungua ramani pamoja na kukuonyesha njia ya kufika kwa miguu au kwa basi.