Ukishaambiwa una PCOS (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia pale daktari anapoitazama picha ya altrasaundi na kutamka kwamba ni PCOS, yaani hali ya homoni inayoyakwamisha mayai kukomaa kwenye ovari. Swali linalofuata huulizwa zaidi nyumbani kuliko hospitalini: sasa huyu atazaa?

Naanza na hilo kwa kuwa ndilo linalowakimbiza wengi kwa wauza dawa za kuyeyusha uvimbe na kusafisha kizazi. Hakuna cha kuyeyusha. Yale madoa meusi yaliyojipanga pembezoni mwa ovari ni vifuko vya mayai machanga, vyenye milimita 2 hadi 9, vilivyoanza kukua vikakwama njiani. Kila mwanamke wa umri wa kuzaa anavyo. Mwenye PCOS anavyo vingi zaidi. Yai lisipokomaa halitoki, na lisipotoka hedhi huvurugika, pengine ikapotea miezi mitatu au sita. Hata hivyo wengi huzaa, wengine bila dawa yoyote. Kwa anayechelewa, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unaitaja letrozoli kuwa dawa ya kuanzia. Mume naye apimwe mbegu mapema, maana kwetu yeye hukumbukwa mwisho.

Linalonitia hofu mimi ni jingine. Asiyetafuta mtoto kwa sasa hufurahi hedhi isipokuja: hanunui pedi, tumbo halimsumbui. Kumbe ndani ukuta wa mfuko wa uzazi unazidi kunenepa kwa nguvu ya estrojeni, na projesteroni ya kuudhibiti haipo. Hali hiyo ikiendelea kwa miaka huongeza hatari ya saratani ya ukuta huo (si ile ya shingo ya kizazi inayotangazwa kila siku). Ndiyo sababu hata binti asiyeolewa huandikiwa vidonge vya majira, au vya projesteroni vya kumeza siku kadhaa ili damu itoke angalau kila baada ya miezi mitatu. Mama akivikuta kwenye mkoba wa bintiye, nyumba inawaka moto. Ni heri waende kliniki pamoja, mama aelezwe na daktari mwenyewe.

Kuna na sukari. Kwa wengi wenye PCOS mwili hauitikii insulini ipasavyo, hivyo kongosho huitoa kwa wingi, na wingi huo huchochea ovari kutengeneza homoni za kiume. Hapo ndipo zinapotokea chunusi na ndevu za kidevuni. Insulini hiyo hiyo huleta weusi wa shingoni ambao watu hudhani ni uchafu, wakamsugua mtoto wa watu kwa dodoki hadi achubuke. Omba kipimo cha kunywa glukosi gramu 75 na kutolewa damu baada ya saa mbili. Sukari ya asubuhi peke yake yaweza kuficha tatizo.

Chakula sitakiwekea marufuku. Punguza soda na sukari ya chai. Tonge la ugali lipungue, maharage na mchicha viongezeke. Mwenye uzito mkubwa akipungua asilimia 5 hadi 10, mara nyingi hedhi huanza kurudi. Wembamba nao wanaugua PCOS, wasisumbuliwe na habari za kupungua. Ukipewa metformini, imeze pamoja na chakula, la sivyo utashinda chooni.

Wiki ijayo: ndevu na chunusi, na kwa nini baadhi ya dawa zake hazimfai anayetafuta mimba.