Masijala ya Mtu Mmoja: Lebo na Vichujio katika Barua Pepe

Kazi ya kupanga barua ni kongwe kuliko kompyuta, na katika ofisi za Tanzania mahali inapofanyikia panaitwa masijala, yaani kitengo kinachopokea barua, kuzisajili, kuzipa namba ya folio, kuziweka katika majalada na kuyafikisha majalada hayo kwa maofisa wanaopaswa kuzishughulikia. Kazi hiyo inatambuliwa na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, na watu huisomea: Chuo cha Utumishi wa Umma, ambacho hufundisha utunzaji wa kumbukumbu, kina kampasi mjini Singida. Hata hivyo, mkazi wa Kiomboi, Ikungi au Manyoni mkoani Singida anayemiliki anwani ya barua pepe naye ana masijala yake, isipokuwa masijala hiyo haina mtunza kumbukumbu, na kila kinachoingia hurundikana katika kikasha kimoja.

Rundo hilo hukua kwa sababu huduma nyingi sasa hupitia katika anwani hiyo. Mwombaji wa kazi serikalini huihitaji ili afungue akaunti ya Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Anayesajili jina la biashara huitumia katika mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Naye mzabuni huitumia katika NeST, mfumo wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika mwaka 2023. Barua za namna hii, ambazo baadhi yake zina tarehe ya mwisho isiyosubiri, huingia zikiwa zimechanganyika na matangazo ya maduka na taarifa za mitandao ya kijamii, kiasi kwamba iliyo muhimu huzama ndani ya siku chache.

Zana ya kwanza ya kuondoa mchanganyiko huo ni lebo, yaani jina fupi linalobandikwa kwenye barua ili kuonyesha inahusu nini. Huduma ya Gmail, iliyozinduliwa tarehe 1 Aprili 2004 ikiwa na nafasi ya gigabaiti 1 wakati washindani wake walikuwa wakitoa megabaiti chache tu, ndiyo iliyoueneza utaratibu huu badala ya folda. Tofauti kati ya viwili hivyo huonekana wazi kwa kurejea masijala: barua ya karatasi hukaa katika jalada moja, na ikihitajika katika jalada la pili sharti idurufiwe, ilhali barua pepe moja hubeba lebo kadhaa bila kuongezeka idadi. Mkamuaji wa alizeti aliyetumiwa ankara ya mashine, kwa mfano, anaweza kuibandika lebo ya “Kodi” kwa ajili ya hesabu za mwaka, na papo hapo lebo ya “Mkopo” kwa kuwa benki itaitaka, kisha akaipata kwa kufungua mojawapo. Aidha, lebo ikifutwa, barua zilizokuwa nayo hubaki.

Zana ya pili ni kichujio, ambacho ni agizo lenye sehemu mbili: sharti na tendo. Sharti hutaja barua inayolengwa, ama kwa anwani ya mtumaji, ama kwa maneno yaliyomo katika kichwa cha habari au ndani ya barua. Tendo hueleza kitakachofanyika barua hiyo ikifika, kama vile kubandikwa lebo, kuwekwa nyota, au kuondolewa kikashani na kuhifadhiwa kando. Agizo likishawekwa hutekelezwa kwa kila barua mpya inayotimiza sharti, na mtumiaji akitaka linaweza kuzipitia hata zile za zamani. Katika Gmail kichujio hutengenezwa kupitia kivinjari cha kompyuta, si kwenye programu ya simu, hivyo asiye na kompyuta anaweza kuifanya kazi hiyo kwa kikao kimoja katika steshenari yenye intaneti, mradi ahakikishe ametoka kwenye akaunti yake kabla ya kuondoka. Baada ya hapo matokeo huonekana kwenye simu yake kila siku.

Ugumu uliopo si wa kubonyeza vitufe, bali wa kuchagua majina. Jalada la masijala hufunguliwa kwa kufuata shughuli, si kwa kufuata aliyeandika, na kanuni hiyo huwafaa pia watu binafsi: lebo tano au sita zinazotaja shughuli za mtu, kama “Ajira”, “Zabuni”, “Shule”, “Kodi” na “Afya”, humsaidia kuliko lebo arobaini zenye majina ya watumaji, ambazo baada ya muda hata mwenyewe hazikumbuki.

Pamoja na hayo, kichujio hutii bila kufikiri. Kikiagizwa kuondoa kikashani kila barua yenye neno “ofa”, kitaiondoa pia ile ya mwajiri anayempa mtu ofa ya kazi, na mhusika hatajua. Kwa hiyo tendo la kuondoa linafaa kwa matangazo ya mtumaji anayejulikana, ilhali barua zenye tarehe ya mwisho zibandikwe lebo na nyota huku zikibaki kikashani. Tahadhari kubwa zaidi inahusu sehemu ya barua taka, ambako Gmail hupeleka barua inazozishuku na kuzifuta zikitimiza siku 30: humo wito wa usaili unaweza kuingia kimakosa na kutoweka. Anayesubiri jibu la maombi hana budi kupapitia kila wiki, na kwa anwani anazoziamini aweke kichujio chenye agizo kwamba barua zitokazo kwenye anwani hizo zisipelekwe huko kamwe.