Piga 115: Mama Asicheleweshwe

Mara nyingi hapa hospitalini tunampokea mama aliyeanza kutokwa damu jioni, naye anatufikia alfajiri. Tukiwauliza ndugu zake, jibu ni lile lile: "Sista, tulikuwa tunatafuta gari."

Kuchelewa kunakoua ni kwa aina tatu. Kwa kwanza ni kwa nyumbani, familia inapongoja baba au mama mkwe aamue. Kwa pili ni kwa njiani, kwa kukosa gari au nauli. Kwa tatu ni kwa hospitalini, kama hakuna aliyejiandaa kumpokea mgonjwa.

Ili kupunguza kuchelewa kwa njiani, hapa Tanzania kuna mpango uitwao m-mama. Ulianza mwaka 2013 katika Kanda ya Ziwa kwa msaada wa mfuko wa hisani wa Vodafone. Aprili 2022, Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua kwa nchi nzima. Wizara ya Afya hutoa miongozo ya tiba. TAMISEMI husimamia halmashauri, nazo halmashauri hupatana na madereva wenye magari huko huko vijijini.

Ufanye nini? Piga 115. Simu hii hailipiwi. Anayepokea amefundishwa kazi hiyo. Atauliza hali ya mgonjwa na mahali mlipo, kisha ataamua apelekwe kituo gani. Gari la wagonjwa likiwa mbali, ataita dereva aliye karibu. Kituo nacho hupewa taarifa kijiandae. Mgonjwa akishapokewa, dereva hulipwa kwa njia ya simu. Familia haitoi hata shilingi moja. Dereva akiwadai fedha, mpelekeeni taarifa Mganga Mkuu wa halmashauri yenu.

Wanaohusika ni mama mjamzito, mama aliyejifungua hadi siku 42, na mtoto mchanga hadi siku 28.

Msingoje mkiona dalili hizi:
- Mama anatokwa damu nyingi, ana degedege au homa kali.
- Kichwa kinamuuma sana na macho hayaoni vizuri.
- Uchungu umezidi saa 12 bila mtoto kuzaliwa.
- Mtoto mchanga hanyonyi, anapumua kwa shida, au mwili ni wa moto sana au wa baridi.

Lakini kuchelewa kwa nyumbani hakuna serikali wala shirika litakalokuondoa. Gari haliji bila kuitwa. Basi, kina baba, ambieni wake zenu leo kwamba hawana haja ya kungoja ruhusa yenu. Mama mkwe naye ajue hivyo. Andikeni 115 juu ya kadi ya kliniki, ili hata mtoto wa shule aweze kupiga simu usiku. Sisi tunajua kuzuia damu, ila tunamhitaji mama afike akiwa bado anayo.