Mgongo Uliopasuliwa, Jembe Linalongoja

Siku ya soko pale Chwele, mgongo ndio mtaji. Gunia la mahindi la kilo 90 hushushwa kutoka kwenye lori kwa mabega ya watu, na mama anayeuza maharagwe hukaa kwenye kigoda tangu asubuhi, akiinama na kuinuka kila mteja anapotaka kupimiwa gorogoro. Ndiyo maana mtu wa huku akishafanyiwa upasuaji wa kiuno, kumuuliza kama maumivu yameisha hakutoshi. Aulizwe anaweza kufanya nini, tena aulizwe kwa kuzitaja kazi zake mwenyewe.

Wengi hupasuliwa kwa sababu ya diski, ule mto ulio kati ya pingili za uti wa mgongo. Kiini chake laini kikipenya ukuta na kugandamiza mshipa wa fahamu, mguu huwaka moto, kisha hufa ganzi. Mixter na Barr wa Boston walilieleza jambo hili mwaka 1934, na tangu hapo madaktari wamekuwa hodari wa kukitoa kipande hicho. Mara nyingi mguu hupata nafuu upesi. Lakini misuli iliyolegea kwa miezi ya kulala haiponywi kwa kisu, wala hofu ya kuinama. Mwaka 1983, Henrik Weber wa Norway alichapisha matokeo ya wagonjwa aliowafuata kwa miaka 10: mwaka wa kwanza waliopasuliwa walikuwa mbele waziwazi, lakini kufikia mwaka wa nne wale ambao hawakupasuliwa walikuwa wamewakaribia mno. Kwangu mimi, maana yake ni kwamba upasuaji humpa mgonjwa muda, na thamani ya muda huo hutegemea anavyoutumia.

Kipimo cha ulemavu wa kiuno kinachotumika sana duniani ni dodoso la Oswestry, lililochapishwa mwaka 1980. Lina sehemu 10, na alama zake hugeuzwa kuwa asilimia: kadiri inavyopanda, ndivyo ulemavu ulivyo mkubwa. Huuliza kama unaweza kuinua mzigo mzito uliowekwa vizuri mezani, na kama unaweza kukaa kwenye kiti unachokipenda. Haliulizi habari za kuchuchumaa kwenye choo cha shimo, kupalilia kwa jembe la mpini mfupi, kubeba maji kichwani, wala kupanda bodaboda kwenye barabara yenye mashimo. Mtu anaweza kupata alama nzuri hospitalini na bado ashindwe kuvuna kitunguu. Najua watafiti watasema kipimo kimoja kwa wote ndicho kinachowezesha kulinganisha Eldoret na Uingereza. Ni kweli, na kisitupwe. Maswali manne au matano ya hapa kwetu yaongezwe kando yake.

Kuhusu kurudi kazini, pingamizi zito zaidi hutoka nyumbani: aliyepasuliwa mgongo asiguse kitu, diski isije ikatoka tena. Hofu hiyo inatokana na upendo, na kwa aliyeunganishwa pingili kwa vyuma tahadhari ya miezi kadhaa ni ya lazima. Kwa aliyetolewa diski tu, ushahidi unaelekea kwingine. Eugene Carragee na wenzake waliwafuata wagonjwa 152 wasiowekewa marufuku yoyote, wakachapisha mwaka 1999 kwamba wengi walirudi kazini mapema bila madhara ya kutisha. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2014 nayo yaliona kuwa mazoezi yanayoanza wiki ya nne hadi ya sita hupunguza maumivu na ulemavu, wala hakukuwa na dalili kwamba yanaongeza upasuaji wa pili, ingawa ubora wa ushahidi wenyewe haukuwa mkubwa.

Fiziotherapia iko mbali na nauli ni ghali, lakini sehemu kubwa ya mazoezi haya haihitaji mashine. Ni kutembea kila siku umbali ukiongezwa, kuchuchumaa ukishika mlango, kisha kuinua mtungi wa maji ukiwa na lita 5, halafu 10, na 20 baada ya wiki nyingi. Kabla mgonjwa hajaruhusiwa kwenda nyumbani, mtu aketi naye amuulize choo chake ni cha namna gani, maji anayateka wapi, na ni nani atakayelima msimu huu.