Mashine ya Boti Kwenye Kilima cha Busanza

Busanza haina ziwa wala bandari. Ni mitaa ya vilimani katika sekta ya Kanombe, wilaya ya Kicukiro nchini Rwanda, ambako mngurumo uliozoeleka ni wa ndege zinazotua na kuruka kwenye uwanja wa kimataifa wa Kigali. Lakini kwa mtu anayetaka kufufua injini ya zamani ya kupachika, ile inayofungwa nyuma ya boti, hapa panafaa kuliko gati lolote la Mombasa au Tanga. Sababu ni hewa. Busanza iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Kivu liko mita 1,460. Injini iliyonguruma sawasawa ndani ya pipa la maji Busanza itakutana na hewa ileile ikifika Rubavu, Karongi au Rusizi kwenye mwambao wa Kivu. Iliyorekebishwa pwani ya bahari itasumbua ikipanda huku.

Uani kwangu, kwenye stendi ya mbao, imefungwa British Seagull ya silinda moja yenye ujazo wa sentimita za ujazo 102. Tangi lake ni la shaba. Juu kuna gurudumu zito la sumaku ambalo unalizungushia kamba kwa mkono, kisha unavuta. Haina gia ya kurudi nyuma, na haina hata mahali pa kupumzika: ikiwaka, propela inazunguka papo hapo na boti inaondoka. Kazi ya kuifufua imenithibitishia kwamba mashine ya zamani hairudi kwa kupakwa rangi. Inarudi pale fundi anapoelewa kila kipande kimewekwa kwa sababu gani, na maarifa hayo yanatutoka haraka kuliko vipuri vyenyewe.

Viwanda vimekufa, mashine zimebaki

Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyekulia Marekani, alianza kuuza injini zake za kupachika mjini Milwaukee mwaka 1909. Kila moja ilikuwa na nguvu ya farasi mmoja na nusu na uzito wa kilo 28 hivi, kiasi ambacho mtu mmoja aliweza kuibeba hadi kwenye maji. Kwa injini ya aina hiyo, boti ndogo iliweza kupata mashine bila kutobolewa sakafu. Jina la Evinrude lilidumu zaidi ya karne moja, hadi Mei 2020, kampuni ya BRP ya Kanada iliposimamisha utengenezaji wake.

Seagull ilizaliwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kwa sehemu kubwa ya uhai wake ilitengenezwa katika mji wa Poole. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la Uingereza lilizinunua kwa maelfu kwa ajili ya boti ndogo. Baada ya vita zilisambaa popote penye maji na mwenye boti asiye na fedha nyingi. Kiwanda kilifunga kazi miaka ya 1990. Vipuri bado vinapatikana Uingereza kwa wafanyabiashara wachache wanaovitengeneza upya, lakini kwa mtu aliye Kigali nauli ya kipuri inaweza kushinda bei yake. Ndiyo maana lazima tujue kipi cha kuagiza na kipi cha kutengeneza wenyewe.

Gasketi unaikata mwenyewe kwa karatasi yake, mkasi na subira. Vipuri vya kawaida na oili unavitafuta Gatsata, hapa Kigali, kwenye maduka na magereji. Kazi ya chuma na mbao ina mafundi wake katika Agakiriro ka Gisozi. Bushi za shaba za krenki anazikereza fundi mwenye mashine ya kukerezea, mradi umpe vipimo sahihi. Vya kuagiza hubaki vichache: ringi za pistoni, koili, na meno ya giaboksi yakiwa yamelika.

Somo la grisi kutoka Malagarasi

Katika maziwa yetu hakuna ufufuaji wa mashine uliokuwa mkubwa kuliko ule wa meli inayoitwa leo MV Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma, ikashushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wanarudi nyuma, waliizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili isiangukie mikononi mwa adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliokuja nayo kutoka Papenburg walizipaka injini zake grisi nzito kila mahali. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, miaka minane baadaye, na Mei 1927 ikarudi kazini ikiwa na jina jipya.

Mafundi wale waliamriwa kuangamiza meli, nao wakaizamisha kwa namna ambayo mtu mwingine angeweza kuifufua. Grisi ilizuia maji yasikutane na chuma. Kila ninapokutana na injini ya boti iliyotupwa nyuma ya nyumba ikiwa na kutu, najua kilichokosekana ni kijiko cha oili ndani ya silinda na dakika chache za kumwaga petroli yake kabla ya kuihifadhi. Petroli inayoachwa ndani ya kabureta hukauka na kubaki utando wa kunata unaoziba matundu. Kijiko hicho na dakika hizo ni gharama ndogo mno zikilinganishwa na hasara inayofuata.

Kufungua bila papara

Mashine iliyolala miaka mingi haivutwi kamba siku ya kwanza. Pistoni ikiwa imenasa, kuilazimisha kunaweza kuvunja ringi na kukwaruza silinda. Unatoa plagi, ambayo mafundi wa Kigali wanaiita buji, unamimina mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, kisha unaiacha. Kesho yake unajaribu gurudumu kwa mkono, polepole, mbele na nyuma. Ikikataa, unaongeza mafuta na kusubiri tena. Nyundo ikae mbali.

Bolti zilizoshikwa na kutu nazo zina adabu yake. Bolti ikikatikia ndani ya silinda, kazi ya saa moja inageuka kuwa ya wiki. Unapasha moto sehemu inayoizunguka, unaiacha ipoe kidogo, unagusisha oili nyepesi, halafu unazungusha robo kwenda na robo kurudi. Kila nati iliyotoka inaingia kwenye kopo lenye maandishi, na kila hatua inapigwa picha kwa simu. Atakayeifunga mashine hii huenda ni wewe baada ya miezi, ukiwa umeshasahau.

Nilipofungua giaboksi, oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Kwenye injini ya kisasa hiyo ingekuwa dalili mbaya, kwamba sili imepasuka na maji yameingia. Seagull ni tofauti: giaboksi yake haikuundwa kuziba kabisa, na maji kidogo huchanganyika na oili nzito namba 140, ileile inayotumika kwenye gia za malori. Kinachotakiwa ni kuibadilisha mara kwa mara na kuangalia kama meno yana kutu. Asiyejua hilo atahangaika kutafuta sili ambayo haikuwahi kuwepo.

Baada ya hapo unafuata mambo matatu: cheche, mafuta na mgandamizo. Cheche inaanzia chini ya gurudumu la sumaku, kwenye platini, vile vijino viwili vinavyogusana na kuachana kila mzunguko. Huwa vimefunikwa na utando wa kijivu. Unavisugua kwa msasa laini, unavifuta kwa kitambaa safi, halafu unapima nafasi yake vinapoachana kabisa: nusu milimita. Ukiishikiza plagi kwenye mwili wa silinda na kuvuta kamba, cheche inapaswa kuwa ya buluu na yenye mlio. Ikiwa ya njano na dhaifu, shuku kondensa kwanza, maana huzeeka hata bila kutumika.

Mgandamizo una siri moja ambayo wengi hawaifuatilii. Katika injini ya mipigo miwili, mchanganyiko wa hewa na petroli hupitia kwanza chini ya pistoni, kwenye chumba cha krenki, kabla ya kusukumwa juu. Seagull haina sili za mpira kwenye krenki hiyo. Kinachozuia hewa isivuje ni bushi ndefu za shaba na utando wa oili. Bushi zikilika hewa inavuja, na mashine inakuwa ngumu kuwaka hata kama cheche ni nzuri na kabureta ni safi. Fundi atabadilisha plagi mpaka achoke.

Hewa ya milimani

Kwenye kimo cha Kivu, shinikizo la hewa ni kama asilimia 85 ya lile la pwani. Kanuni ya mafundi wa boti ni kwamba injini isiyo na msaada wa kusukumiwa hewa hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Injini ya farasi wanne huku juu inabaki na nguvu ya farasi watatu na nusu hivi. Hakuna ukarabati utakaorudisha nguvu hiyo, na mwenye boti anastahili kuambiwa ukweli huo kabla hajapakia abiria.

Linalorekebishika ni uwiano wa hewa na petroli. Kabureta iliyopimwa usawa wa bahari inamwaga petroli nyingi mno kwa hewa yetu nyepesi. Mashine inatoa moshi mzito, inakohoa na plagi inajaa masizi meusi. Dawa ni jeti ndogo zaidi. Jeti za kabureta za Amal zina namba inayoonyesha kiasi cha mafuta kinachopita kwa dakika, hivyo unashuka namba moja, unajaribu pipani, unatoa plagi na kuisoma. Ikiwa na rangi ya kahawia iliyokolea kidogo, umefika. Propela yenye mwinamo mdogo wa mapanga inasaidia pia, kwa kuwa inaruhusu injini kufikia mizunguko yake.

Kuna hatari upande wa pili. Mashine iliyopimwa Busanza ikishushwa Dar es Salaam bila kurudishiwa jeti yake itapata petroli kidogo mno kwa hewa nzito ya huko. Itawaka vizuri, pengine kwa raha kuliko awali, huku ikipata joto kupita kiasi mpaka pistoni inase. Andika namba ya jeti kwenye kibati na ukifunge kwenye mashine. Atakayeinunua kesho atakushukuru.

Deni kwa ziwa

Kuna swali ambalo mpenzi wa mashine hizi hapaswi kulikwepa. Seagull zilizotengenezwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 zinataka sehemu 1 ya oili kwa sehemu 10 za petroli. Zilizofuata zilishuka hadi 1 kwa 25. Injini nyingi za mipigo miwili za miaka ya karibuni hutumia 1 kwa 50. Bushi zile za shaba ndizo zinazodai oili yote hiyo, na anayeipunguza kwa kubana matumizi bila kubadili kabureta anaiua mashine yake. Lakini oili hiyo inaishia majini. Injini ya mipigo miwili yenye kabureta inaweza kutoa karibu robo ya mafuta yake bila kuyaunguza, na utando wa rangi unaoonekana nyuma ya boti ni ushahidi.

Ziwa Kivu na Ziwa Muhazi ni maji ya kunywa, ya kufulia na ya kuvulia. Kwenye Kivu wavuvi wa isambaza, samaki wadogo wa ziwa hilo, bado wanatoka jioni na mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa milingoti, wakipiga makasia kwa nyimbo na taa zikivuta samaki usiku. Boti inayosafirisha watu kila siku kwenye maji hayo inastahili injini ya mipigo minne, aina ambayo Honda ilianza kuitengeneza kwa boti mwaka 1964. Simshauri mtu yeyote kuifanya Seagull kuwa mashine ya kuleta chakula nyumbani.

Nafasi yake ni darasani. Chuo cha ufundi kilichojulikana kwa miaka mingi kama IPRC Kigali kiko hapahapa Kicukiro. Mwanafunzi akisimamishwa mbele ya injini ya kisasa anakuta kifuniko cha plastiki na kompyuta inayompa namba ya hitilafu. Akisimamishwa mbele ya Seagull anaona kila kitu kwa macho: cheche inakozaliwa, petroli inakopita, maji yanavyopanda kupoza silinda, na hewa ya nchi yake inavyobadilisha kazi yote. Akiielewa hiyo, atalisikiliza tatizo la Yamaha iliyozimika katikati ya Kivu kabla ya kukimbilia kubadilisha vipuri. Vyuo vyetu vya ufundi vizikusanye mashine hizi kabla hazijauzwa kama chuma chakavu, na walimu wawaruhusu vijana wazifungue mpaka bolti ya mwisho.